Mama Mkwe Aliyefia Kwenye Simu

Mpendwa Mama Bupe, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke mpaka nimalize, na ukichapisha barua hii ufiche jina langu, maana hali ya hapa Uyole si nzuri.

Mimi ni dalali wa viazi, mtu mzima mwenye mke na watoto, na tatizo langu ni gemu. Ni gemu ya kujenga mji kwenye simu, ila mji wenyewe ni wa kutisha, una makaburi, popo na maiti wanaotembea, na muziki wake ni ule ule wa picha za kutisha tulizoangalia utotoni kwenye kibanda cha video pale Mbalizi, tumebanana kwenye benchi na mtafsiri anapiga kelele kuliko maiti wenyewe, kwa hiyo nilipousikia siku ya kwanza moyo wangu ulirudi darasa la tano na haujatoka huko mpaka leo. Kucheza ni bure, lakini ukitaka geti la chuma au mchawi wa kulinda soko unanunua almasi kwa pesa ya simu, na mimi nimenunua, tena kwa hela ambayo mke wangu Devotha anajua ilinunua mbolea.

Sasa gemu inakuruhusu kuwapa wakazi majina, na kuna bibi mmoja wa getini, ana kikapu, kila ukijenga kitu ananung'unika, nikamwita Evarista, jina la mama mkwe wangu aliyeko Kilolo, Iringa, jina ambalo kwa heshima sijawahi kulitamka hata kanisani, na sikufichi mama, kulibonyeza pale kulinipa raha.

Wiki iliyopita niliacha simu nyumbani inachaji nikaenda kupakia lori, huku nyuma Evarista wa kwenye gemu akaliwa na maiti, simu ikatoa ujumbe: "Evarista amefariki. Mzike kabla jua halijazama", na maneno yaliyobaki, yale ya almasi, hayakuonekana kwa sababu kioo ni kidogo. Devotha akadhani ujumbe umetoka kwa kaka yake Saulo, ambaye hata akikutakia Krismasi njema huandika kama anakufukuza. Akampigia, hapatikani, yuko msituni anapasua mbao, akampigia mama yake, simu imezimwa, kumbe iko dukani inachajiwa. Akapiga yowe. Mimi nimerudi nakuta turubai limesimama, kwaya imefika, akina mama wameshachanga unga na maharage, Coaster inaunguruma, mke wangu ananiangukia kifuani na kunionyesha ujumbe, nami nikautambua hapo hapo, nikafungua mdomo niseme, mchungaji akasema, "Tuombe."

Mama Bupe, nilipanda ile gari. Nilikaa kiti cha mbele kama mfiwa mkuu na wakaniimbia mpaka Iringa. Tulipofika tulimkuta mama mkwe anapura maharage, akina mama wa Uyole wakashuka wanalia na kujigaragaza, na yeye alipoona hivyo akatupa fimbo akaanza kulia nao, maana watu wakija kwako wanalia huanzi na maswali, akalia vizuri tu mpaka alipochoka ndipo akauliza, "Kwani jamani, nani ametutoka?"

Wote wakanigeukia, nikasema ni matapeli wa mitandaoni. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu tuliporudi watu wakakumbuka kwamba kioo cha simu yangu kilibadilishwa na Ipyana, fundi simu jirani yangu, wakaamua ndiye aliyeuza namba yetu kwa matapeli, sasa kibanda chake hakipati mteja, vijana wamemtishia, mwenyekiti ameitisha mkutano Jumamosi wa kumhamisha mtaani, na jana mke wake amekuja kuniomba nikamtetee. Nifanyeje?

Na la pili, Evarista wa kwenye gemu bado hajazikwa, na asipozikwa anatembea anakula wenzake, ameshamaliza mtaa wa chini wote, lakini nikimzika naona kama namchuria kifo mama mkwe, ambaye tulirudi naye ili watu wamwone na sasa yuko sebuleni kwangu ananiuliza kila siku nabonyeza nini, na kumfufua ni almasi nyingi, ingawa wiki hii kuna punguzo la bei, je, ninunue kabla halijaisha au nisubiri?

Msomaji, Uyole

MAMA BUPE ANAJIBU

Bwana wa Uyole, nimeshindwa kukutii. Mama alipotupa fimbo nilicheka mpaka nikaweka miwani mezani. Nilipofika kwa Ipyana nikaacha. Na jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa Coaster nzima itakujua.

La Ipyana umeliuliza kwa neno moja. La almasi umelieleza mpaka na punguzo la bei. Ugonjwa wako uko hapo, wala si kwenye popo. Kukumbuka kibanda cha video si dhambi, mimi mwenyewe niliingia sana, nikaangalia nusu ya picha nikiwa chini ya benchi. Lakini pale picha ilikuwa inaisha, mlango unafunguliwa, mnafukuzwa mwende nyumbani. Hiyo yako haina mwisho, na walioitengeneza wanajua kabisa kwamba mtu mzima akikumbuka utoto wake mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Lile la mchungaji nakuhurumia. Yowe likishapigwa si rahisi kulirudisha. Lakini Uyole mpaka Kilolo ni mbali, bwana. Makambako mlishuka mkanywa chai, nina hakika. Ungemvuta mkeo pembeni. Hukumvuta, na ulipobanwa ukamtwisha mzigo mtu aliyekuwekea kioo.

Basi usiisubiri Jumamosi. Leo mwambie Devotha yote, mbolea ikiwemo, maana akiisikia mkutanoni hutakuwa na pa kulala. Kisha nenda naye kwa Ipyana mchana kweupe, watu wakiona, umwombe radhi, na umpe hiyo simu aifute gemu yeye mwenyewe, na umlipe kama kazi nyingine yoyote. Mama mkwe usimwendee kichwa kichwa. Mtafute mshenga aliyekuposea, mwambie kazi yake haijaisha. Na mkutanoni simama kabla mwenyekiti hajaanza. Watakucheka, bwana, watakuita Mfiwa mpaka uzeeke. Kubali. Ni jina jepesi kuliko alilobebeshwa Ipyana.

Jambo moja la mwisho, na hili silisemi kwa utani. Wale akina mama walichanga unga bila kuuliza, na yule bibi alilia bila kujua anamlilia nani. Siku moja Evarista atakufa kweli, kama sisi sote, na Devotha atapiga yowe. Ukiendelea kunyamaza, na ukweli wakaja kuujua kwa njia nyingine, siku hiyo watu watatazamana kwanza, watauliza kama ni ile simu tena, halafu watarudi kupalilia viazi vyao, na kaburi utalichimba wewe na Saulo. Sema Jumamosi hii, ili siku hiyo wapande gari.