Kahawa Uliyoicheza Ingali Maua

Kaka Deo,

Shikamoo yako leo sikupi. Nitakupa siku utakayorudi Bweranyange ukamtazama mama usoni.

Unakumbuka ni wewe uliyenifundisha poka? Nilikuwa darasa la sita, tumekaa kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, dau letu ni buni kavu. Ulinieleza kila neno kwa subira. Blafu, ukasema, ni kujifanya una karata kali na mkononi huna kitu. Kufoldi ni kuzitupa karata mapema, upoteze kidogo ubaki na kingi. Ol-in ni kusukuma mezani vyote ulivyo navyo. Na tilti ndiyo mbaya kuliko zote: umeshaliwa, hasira zimekupanda, unacheza ili ulipize. "Mtu akiingia tilti, Koku, mnyang'anye karata." Nilikuona una akili kuliko walimu wetu wote. Tukimaliza, buni zilirudi guniani kwa baba, zote.

Kisha ukanunua simu kubwa, ukaanza kucheza na watu usiowajua hata sura. Kila nilipokuuliza, ulisema umeshinda. Ilikuwa blafu, na mimi niliyefundishwa neno lenyewe nikaamini. Mjinga mimi!

Halafu ukafanya butura. Ulikwenda kwa mnunuzi kule Kyerwa ukamuuzia kahawa yote ya kibanja, shamba la baba, ingali maua, kwa bei ya kutupa, mama hajui, mimi sijui. Baba aliikataa butura maisha yake yote, hata alipolazwa hospitali ya Nyakahanga. "Maua ni ya nyuki," alikuwa akisema, "mtu anauza tunda." Kaburi lake halijaota hata nyasi, Deo. Fedha zote ukaziweka ol-in siku moja, ukaliwa. Badala ya kuacha, ukakopa ucheze tena. Hiyo inaitwaje, mwalimu wangu?

Nina hasira na wewe. Msimu ulipofika, mnunuzi alileta wachumaji wake. Mama akatoka na kikapu kama kila mwaka. Msimamizi akamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, hii si yako tena." Nilitaka kumrukia. Mama akanishika mkono. "Muache, mwana wange. Mwanao akiuza, umeuza." Siku ya pili aliomba kibarua. Umesikia? Mama amechuma kahawa aliyoipanda na mume wake, akapimiwa kwa debe kama mpita njia.

Na wewe, bila aibu, ukamtumia baba mdogo ujumbe kwamba sasa ukoo ukuruhusu kuuza kipande cha chini, chenye migomba, ili urudishe yote. Jumapili wazee walikaa. Walikuwa wanasitasita, maana wewe ndiwe musika, mrithi mkuu, na neno la musika ni zito. Mtoto wa kike hasemi kwenye kikao kile, unajua. Mimi nilisimama. Nikaomba wakuvue urithi, kibanja kiandikwe jina la mama.

Baba mdogo akauliza ni nani anayekubaliana nami. Wazee wakawa wanatazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Kaa salama huko uliko.

Dada yako,
Koku