Mama Yako Anatafuta Tundu la Risasi

Musyoka ndugu yangu,

Bado hujazikwa. Naanza na hilo maana ndilo ungeniuliza kwanza, na ndilo linalonitafuna. Kaburi limechimbwa nyuma ya nyumba ya mama yako, limefunikwa kwa mabati kwa sababu ya mvua. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakarudi makwao. Wewe umerudishwa mochari. Mama amekataa kukuzika mpaka aambiwe nani alikupiga risasi, na anayetakiwa kumwambia ni mimi, Barasa, niliyekuwa nawe siku ile.

Ninaandika nikiwa kwenye chumba chetu cha uani, hapa Suwaidi, Riyadh. Bosi amekwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa na nyumba imetulia. Kitanda chako kiko vilevile ulivyokitandika kabla hatujaondoka Riyadh kwenda Jeddah, kwa yale maringo yako ya kukaza shuka. Mimi hulala nikiwa nimegeukia ukutani ili nisikione, na haisaidii. Naona haya kumwandikia mtu aliyekufa, lakini nisipozungumza na wewe nizungumze na nani? Wengine wote wameshaamua kwamba nimenunuliwa.

Kisa ni ile picha. Ulimtumia mama yako ukiwa umevaa kofia ya bosi, mkono wa kulia umenyooka na bastola, wa kushoto umeutia mfukoni. Ndivyo wanavyosimama walenga shabaha, na ulikuwa umejifunza kusimama vizuri kuliko kulenga, tuseme ukweli. Chini ukaandika, "Mama, siku hizi mimi ni fundi wa bastola." Ulicheka siku nzima. Hukumweleza kwamba ni bastola ya mchezo, ya kutoboa makaratasi, yenye risasi nyembamba kuliko penseli. Kule kwenu bastola ni bastola. Habari za kifo chako zilipofika, ile picha ilitoka simu hadi simu, na kila aliyeiona alielewa jambo moja: huyu kijana alikuwa na mwajiri mwenye silaha, na sasa anarudi ndani ya sanduku.

Sanduku lilipofika Mama alilifungua mwenyewe. Aliwatoa watu chumbani akabaki na dada yako. Alikuvua zile sanda za hospitali, akakugeuza, akatafuta. Alitafuta nyuma ya masikio, ndani ya nywele, kwapani, chini ya ulimi. Dada yako aliniambia mambo haya kwa simu akilia na mimi nikakaa chini pale pale jikoni kwa madam, mke wa bosi, na sufuria ikaungua.

Kisha Mama akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionimaliza. "Barasa mwanangu, nimetafuta tundu sijaliona. Wewe ulikuwepo. Niambie risasi iliingilia wapi."

Nikamwambia, "Mama, ni moyo."

Akasema, "Moyo wa mwanangu niliubeba mimi tumboni. Naujua." Akakata.

Tangu hapo sijui kula. Mke wangu ameniambia watu wa kwenu wamempigia hata yeye, wakimuuliza Mwarabu amenipa nini ili nifunge mdomo. Nimekasirika, Musyoka. Nimekukasirikia hata wewe, na picha yako, na mkono wako mfukoni.

Kama ningeweza, ningempeleka Mama gereji siku ile ulipokabidhiwa kile chuma kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umetengeneza cherehani ya madam, na bosi akaona ajaribu kukuonyesha bastola yake. Alilalamika kwamba akifyatua, vipande vya risasi vinamrukia shavuni. Ukaketi naye mezani, ukairudisha nyundo polepole kwa kidole gumba, huku umeinamisha kichwa ukisikiliza. Ile silinda yenye risasi ilikuwa ikizunguka na kufika ikiwa imechelewa, hivyo risasi iliingia kwenye mtutu ikiwa imekaa upande. Ukaniita. "Sikia hapo. Ni kama cherehani inayoruka mshono." Mimi sikusikia kitu. Kipande kinachoisukuma silinda kilikuwa kimelika. Bosi akaagiza kipya, na wewe ukakichonga kwa tupa, ukijaribu, ukitoa, ukichonga tena, mpaka kila risasi ikawa inakaa sawasawa na mtutu kabla nyundo haijaanguka. Bosi alipiga siku hiyo akagusa shavu lake, akakuta hakuna kitu, akakukumbatia. Kafili, mwajiri anayekushikia kibali, kukumbatia mfanyakazi, nani aliwahi kuona?

Ukamkataza kuifyatua tupu. Ulimwonyesha kwamba risasi hizi hugongwa ukingoni mwa kitako, si katikati, kwa hiyo pasipokuwa na kitu ile sindano ya nyundo inatafuna chuma cha silinda yenyewe. Ukampa maganda yaliyokwisha kutumika ayatie ndani akitaka kufanya mazoezi bila risasi. Baada ya chakula tukawa tunamsikia sebuleni, ti, ti, ti, na madam akilalamika. Nikawa nakusaidia kusafisha na wewe ukaniita mwenye mikono ya kung'oa mihogo. Zilikuwa siku nzuri. Sikujua hivyo wakati ule, nilijua tu kwamba nimechoka.

Na ukatuwekea ile sheria. Risasi ndogo hizi zina tabia ya kugoma, ulisema, na nyingine inagoma halafu inajilipukia baadaye kidogo. Kwa hiyo nyundo ikianguka na kukawa kimya, mpigaji asishushe mkono wala asifungue silinda. Aendelee kuielekeza kwenye shabaha na kungoja. Na sisi wengine tusisogee, tusiseme neno, tusimshtue. "Hata ukiitwa na mama yako usiitike." Bosi aliipenda sheria hiyo mpaka akawa anaifundisha kwa wageni.

Sasa nieleze ambalo sijamweleza mtu.

Siku ile kule Jeddah, kwenye shamba la familia yake, bosi alikuwa anajiandaa kushindana na shemeji zake baada ya alasiri. Wewe uliingia kwenye lile shimo alilolichimba mbele ya tuta, la kuinulia makaratasi kwa kamba, risasi zikipita juu. Ulikuwa umesema tangu asubuhi kichwa kinakugonga. Jua lilikuwa la kukausha mate, na ule unyevu wa Jeddah juu yake. Ulijifunga taulo lenye maji kichwani ukaniambia nisisahau kukuletea chupa nyingine. Bosi akafungua boksi la risasi lililokuwa limelala ndani ya gari kwa siku nyingi, kwenye joto.

Nyundo ikaanguka, kimya. Bosi akanyoosha mkono vilevile, akangoja. Nami nikasimama nyuma yake nikangoja. Hapo ndipo nilipokusikia ukikohoa. Kisha ukaniita, "Barasa," mara moja, si kwa nguvu. Nilidhani ni maji unataka. Mtutu ulikuwa unaangalia juu ya kichwa chako na ndani yake mna risasi ambayo hatukujua kama imekufa au inangoja. Sikuitika. Bosi akaitoa ile mbovu, akaendelea, ya pili nayo ikagoma. Tukangoja tena. Safari hii sikusikia kitu. Ya tatu ikalia, ikatoboa karatasi mahali pazuri, na bosi akafurahi akaita, "Yalla Musyoka, karatasi." Kamba haikusogea. Akaita tena. Akafungua silinda, akamwaga maganda, akaiweka mezani wazi ulivyotufundisha, na hapo tu nikakimbia.

Ngozi yako ilikuwa kavu, ya moto. Ulikuwa umekaa, mgongo ukutani, kamba mkononi, macho nusu wazi. Tulikubeba, mimi miguu na bosi mabega, na aliendesha gari kwenye taa nyekundu zote akipiga honi na kukusomea dua. Hukufika magharibi. Daktari alisema ni joto. Kwenye karatasi wakaandika moyo.

Ungemwona bosi ungeshangaa. Alikaa sakafuni kwenye korido ya hospitali, kilemba kimeanguka, akalia mbele ya manesi. Nikamhurumia. Lakini kesho yake ndani ya gari alikuwa amenyoa na amejipanga. Akaniambia, "Galb, halas. Mafi kalam." Moyo, basi, na mazungumzo hakuna. Na kusema kweli alikimbizana na makaratasi yako kuliko wanavyokimbizana makafili wengi. Wapo Wakenya waliolala mochari za nchi hii mpaka jamaa zao wakakata tamaa. Wewe ulifika nyumbani haraka. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia sawasawa.

Na kibali changu cha kutoka kiko mkononi mwake. Mkataba wangu umekwisha, na bila saini yake sipandi ndege. Nikimwambia Mama kuhusu shimo, dada yako atakwenda kwa wakala Nairobi, wakala atampigia bosi, na mimi ndiye nitakayekuwa nimebaki humu ndani naye. Leo asubuhi aliniita gereji akanipa lile boksi la bastola nilisafishe. Nikalifungua, harufu ya mafuta yako ikanijia, nikadondosha brashi. Kisha akasema kesho tunarudi Jeddah, shemeji zake wanangoja, na nani atainua makaratasi? "Barasa, sasa wewe Musyoka."

Hakusema kwa ubaya. Alinipiga begani kama anayempandisha mtu cheo.

Nimefikiri njia zote. Nimefikiri kumdanganya Mama vizuri zaidi, nimwambie ulilala tu ukawa hukuamka. Wazee hupenda kusikia hivyo. Lakini amekwisha kuosha mwili wako kwa mikono yake. Atajua. Na nikinyamaza, lile kaburi litakaa wazi mpaka mvua ilibomoe, na mtu atamwonyesha Mama ile picha tena, na atakufa akimtafuta aliyekupiga. Nikisema, huenda nisiwaone watoto wangu kwa muda nisioujua. Niambie nifanye nini. Ulikuwa na maneno juu ya kila kitu, Musyoka, hata juu ya jinsi ninavyokunja soksi. Sasa ndio umenyamaza.

Ngoja. Nampigia.

Nimerudi. Naandika haraka, usinicheke kwa mwandiko.

Nimemwambia yote. Shimo, jua, kichwa kukugonga tangu asubuhi, risasi iliyogoma, kungoja. Nilimweleza hata sheria yako. Hakunikatiza. Mwishoni aliuliza, "Alikuita?"

Nikasema, "Aliniita, Mama."

"Ukaitika?"

"Hapana, Mama. Bastola ilikuwa imeelekezwa."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu akisogeza kiti. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kutukanwa, ningeshukuru. Akasema kitu kwa Kikamba kwa watu waliokuwa naye, na mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, ule mlio wa msiba ulioanza sasa. Aliporudi kwangu alisema, "Tutamzika kesho."

Kisha akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yupo, yuko Bungoma. Akauliza na mimi nafanya kazi gani huko sasa. Sikutaka kumwambia, lakini nikamwambia: bosi anataka nishike kazi yako, kesho, kule kule.

"Usishuke," akasema. "Akuweke ndani, akufukuze, akunyime hicho kibali. Usishuke humo, Barasa. Mimi nimemaliza kutafuta mwili wa mtu. Mama yako asianze."

Hakukata simu mpaka nilipomwitikia.

Basi nenda, ndugu yangu. Kesho wakikufukia sitakuwepo kukutupia udongo, na hilo litaniuma mpaka lini sijui. Utanisamehe kwa kutokuitika, au hutanisamehe, nami nitaishi na lolote litakalokuwa. Nasikia gari la bosi getini. Woga nilio nao ni mkubwa kuliko niliowahi kuwa nao, lakini nimemwahidi mama yako na sasa nakuahidi wewe: sishuki kwenye lile shimo. Naweka kalamu chini niende nikamwambie, kabla hajashuka garini.

Barasa wako