Mama, Bi Mkubwa Amezaa

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea nawe bila kukuamkia.

Bi Mkubwa amezaa. Watoto tisa wako hai. Nakuandikia hapa uani kwetu Mjimwema, kucha zangu bado zina matope ingawa nimenawa mara mbili. Nataka nikueleze yote tangu mwanzo, maana kuna jambo baya nililolifanya, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Tulipomaliza matanga yako, kaka Odilo alikuwa amekuja na neno lake tayari kutoka Namtumbo. Alisema nguruwe wako wote wawili, Bi Mkubwa na yule jike mdogo, wauzwe kwa wachoma nyama ya kitimoto, banda livunjwe. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi baada ya shirika letu kuuzwa kwa mtu binafsi, na kila mtu kwenye kikao alinitazama kama mgonjwa.

"Wewe umezoea kupiga taipu, Skola," Odilo aliniambia. "Nguruwe utawaweza wapi?"

Nilimwomba asubiri mpaka Bi Mkubwa azae. Alikubali shingo upande.

Ukweli, Mama, nilikuwa sijui kitu. Miaka yote ulifuga wale weusi wa kienyeji, waliojitafutia matope wenyewe mtoni. Hawa weupe uliowatoa kwa masista mwaka jana ngozi yao ni kama ya mtoto mchanga, jua likiwapiga inakuwa nyekundu na kubabuka. Nakumbuka Jumapili ulivyokuwa ukirudi kanisani, kabla hujavua gauni la misa, unakwenda kumwaga maji kwenye shimo lao la matope. Nilikuwa naona aibu. Mama yangu anawaogesha nguruwe kabla hajanywa chai! Sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Oktoba ilipofika bomba lilikauka. Shimo likawa vumbi. Na lile banda la bati unalijua lilivyo fupi. Mchana ukiingiza kichwa ni kama umefunua sufuria jikoni. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilimkuta yule jike mdogo amelala, mdomo wazi, anahema mbiombio, ute unamtoka. Nilishikwa na hofu. Nikachukua ndoo ya maji ya mtungi, ya baridi kabisa, nikammwagia yote kwa mkupuo, kichwani na mgongoni. Alitetemeka, akanyoosha miguu, akafa mbele yangu.

Watu niliwaambia ni ugonjwa. Hata Odilo nilimpelekea salamu hizo hizo. Ni afisa mifugo peke yake niliyemwambia kweli, na hakunigombeza. Alinieleza kwamba nguruwe hatoki jasho kama sisi, joto likimjaa linabaki humo humo ndani. Aliyezidiwa unampeleka kivulini kwanza, unalowesha ardhi anapolala, halafu miguu, halafu shingo, maji kidogo kidogo. Kummwagia yote kwa ghafla ni kuushtua moyo wake.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Halafu nikachukua jembe.

Nilianza na kivuli. Nilisimamisha nguzo mbali na lile banda, nikaezeka nyasi nene, bila kuta, ili upepo upite. Chini ya paa hilo nikachimba shimo jipya, maana matope yakikaa juani nayo yanachemka. Pumba nikawa namwekea alfajiri na jioni tu, asije akashiba saa saba mchana, joto la tumbo likaongezea la jua. Yakabaki maji.

Jirani mwenye kisima ni Bi Zuhura. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, kwa sababu ni Mwislamu na sikutaka kumficha maji yanakwenda wapi. Nilimwambia wazi. Alirekebisha mtandio wake.

"Ndoo yako isiguse kisima changu," alisema. "Chota kwa ndoo yangu, mimina kwenye yako nje ya uzio. Mimi nilipokaa eda, mama yako alinitekea maji miezi minne."

Hukuwahi kutuambia hilo, Mama.

Siku ya kuzaa ilikuwa ya joto kuliko zote. Odilo alikuwa amekuja. Saa nane mchana Bi Mkubwa alianza kuhema kama yule mdogo, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Odilo alisema tumwite mchinjaji angali hai. Nilisimama mbele yake.

"Yule wa kwanza nilimuua mimi, kaka, kwa kutojua," nilimwambia. "Haukuwa ugonjwa. Huyu najua la kufanya. Niache."

Nililowesha ardhi. Nilimwekea gunia bichi shingoni, nikawa nalidondoshea maji taratibu. Pembeni niliandaa nyasi kavu, kwa sababu watoto wenyewe wanataka joto. Odilo alikuwa amekunja mikono, ananitazama. Maji yalipoisha, sikuweza kumwacha Bi Mkubwa. Nilimweleza Odilo habari ya ndoo mbili za kwa Bi Zuhura. Alikunja suruali, akaenda kisimani, akarudi, akaenda tena, mpaka jua lilipopoa na Bi Mkubwa akaacha kuhema. Wawili walitoka wamekufa. Tisa walitafuta ziwa wenyewe.

Jana Odilo aliomba jike mmoja ampeleke Namtumbo. Nimemwambia ajenge kivuli kwanza, nami nitakwenda kukikagua. Alicheka. Lakini leo asubuhi nimemkuta anapima nguzo zangu kwa kamba.

Mama, natamani ungekuwepo unikosoe. Nakuahidi mambo mawili. Mvua zikishika nitapanda miti kuzunguka uwanja wote, wanyama hawa wapate ubaridi hata siku nikiwa sipo. Na nikikosea tena, maana nitakosea, nitasema nimekosea. Sitasingizia ugonjwa.

Sasa pumzika. Saa kumi inakaribia, nakwenda kuteka maji.

Mwanao,
Skolastika