Nondo Asiye na Mabawa

Ghorofani, juu ya duka la viatu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada,

Shikamoo. Goti limepoa? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi huku wazima, ila mimi shingo imerefuka kwa maringo.

Uliniandikia nimkataze mwanao kufuga viwavi, ajipambe, wachumba waje. Kidogo nikusikilize. Maana akirudi kutoka kutengeneza saa za watu, kile kioo anachobana jichoni kutazamia vigurudumu anakigeuzia wadudu. Anawatambua mmoja mmoja: huyu ana vishungi vinne mgongoni, yule ana mstari ubavuni. Hakufundishwa na mtu, dada. Kichwa hicho kakitoa kwangu.

Basi kiwavi mmoja akajifungia kwenye kifuko chake, ndani ya chupa. Mdomo wangu unaujua. Nikamtangazia kinyozi wa hapo chini, nikamtangazia mwenye nyumba, kwamba atatoka nondo mwenye mabawa kama hariri. Mwanao sikumwuliza.

Jana asubuhi katoka, nikawaita, na chai nikawapa. Kumbe ni kidonge cha manyoya, tumbo tu, bawa hata la dawa hana! Kinyozi akasema aliyemnyoa huyo si yeye. Mwenye nyumba akacheka mpaka akamwaga chai, kisha akasema machupa yote yatoke nyumbani kwake. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwanao wala hakubabaika. Akabana kioo chake, akatazama.

"Mama mdogo, ni jike. Majike wa aina hii hawana mabawa. Fungua dirisha."

Akamweka dirishani, akamfunika kwa chujio.

Chai haijapoa, madume wakaanza kuja. Mchana kweupe, dada, wadogo, rangi ya kutu, wanapita juu ya mapaa na kugombania chujio langu. Mwanao akaeleza kwamba jike anatoa harufu ambayo sisi hatuisikii, nao huifuata toka mbali. Mwenye nyumba akaomba kioo, akatazama wee, akauliza kifuko cha pili kitafunguka lini. Habari ya machupa hakuitaja tena.

Kwa hiyo wachumba tumewaona. Bibi harusi hakujipamba, hakutoka mlangoni, na dirisha halikuwatosha. Mwache mwanao na viwavi wake.

Nisalimie shemeji, mapacha na mama mkwe wako. Mungu akunyooshee goti hilo uje ujionee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye mdomo.