Mtu Aliyetupitisha Msituni

Mudzipela, Bunia
Tarehe 12 Oktoba 2003

Mpendwa Mjomba Fulgence,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: juzi nilimlilia mtu aliyeishi zaidi ya miaka elfu nne iliyopita.

Sasa pokea salamu zetu. Hujambo? Mama Arlette anaendeleaje na mguu wake? Sisi tu wazima. Nyumba tuliikuta haina milango, ila mabati yapo. Mdogo wangu Aaron amepona homa, anakula kunishinda mimi.

Maktaba ya shule iliporwa, na kurasa za vitabu vyake sasa zinafungia karanga sokoni. Moja nilipewa mimi. Ilieleza habari za Harkhuf, mkuu wa misafara wa Misri ya kale, aliyerudi kutoka nchi za kusini na mtu mfupi hodari wa kucheza ngoma. Wengine husema alikuwa Mumbuti, mtu wa msituni kama hawa wetu wa Ituri. Mfalme Pepi alikuwa bado mtoto. Akamwandikia Harkhuf aje upesi, na watu wamlinde mchezaji asianguke majini, na usiku wamchungulie mara kumi. Harkhuf alifurahi hata akaichonga barua hiyo kwenye kaburi lake. Nilitafuta jina la mchezaji. Halimo.

Hapo ndipo nilipolia, kwa kuwa nilimkumbuka yule aliyetupitisha msituni mwezi wa tano, tulipokimbia vita kuja kwako Beni. Alitukuta kwenye shamba la marehemu babu karibu na Komanda, akambeba Aaron mgongoni, akampa asali. Ukoo wake ulikuwa ukimletea babu nyama, naye babu akiwapa ndizi, basi kwetu alikuwa "Mumbuti wetu" tu. Njia nzima tulimwita hivyo. Labda babu alilijua jina. Sisi hatukuuliza.

Katika kambi ya wakimbizi pale uwanja wa ndege yupo mama wa Kimbuti kutoka njia ya Komanda, anayemtafuta mumewe, Musafiri, tangu mwezi ule. Nilimpita mara nyingi kwa haya. Ijumaa, nikitoka shule, nilijikaza nikamweleza habari za yule aliyetupitisha.

"Jina yake nani?" aliniuliza.

"Sijui, mama. Tulimwita Mumbuti wetu."

"Asali yake mulikula, jina mukaacha?" Akaitazama sare yangu, akacheka kidogo bila furaha. "Weye unasomaka, kumbe kuuliza mutu jina iko kazi ya nguvu."

Mjomba, mtu yule alilala kwako kabla ya kurudi msituni, nawe ukampa chumvi. Tafadhali kumbuka: alisema anaitwa nani? Alishika njia gani? Hata kama si Musafiri, niandikie, mama huyu ajue pa kutafuta. Dereva Dany atalileta jibu.

Mama yangu, Léontine, anakusalimu. Nisalimie Mama Arlette, na bibi Adeline pia. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka barabara itakapotulia.

Mpwa wako akukumbukaye kwa upendo,
Emérance

N.B. Sikuifunga bahasha, nikarudi kambini kwanza. Nilimuuliza yule mama jina lake. Anaitwa Angèle. Nilimwambia kwamba nimekuandikia, na kwamba mtu wetu alikuwa na kovu kidevuni. Akasema mumewe hakuwa na kovu, "lakini vita inawekeaka watu kovu." Nilimsaidia kumenya mihogo hadi sufuria ikajaa, halafu nikaja nyumbani kuandika haya.