Nusu ya Uwanja

Nyumbani, nyuma ya soko
Jumapili mchana, mvua imekatika sasa hivi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi za dada yako zikufikie huko kwenye baridi. U hali gani? Mgongo umetulia? Juzi kwenye simu ulisikika kama mtu anayekula amesimama huku akitafuta viatu. Wagonjwa wako uwahudumie, lakini na wewe ulale. Sisi huku kaskazini hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa vumbi, ila domo lake ni zima kabisa. Mimi na cherehani yangu tunasukumana hivyohivyo.

Binti yako uliyeniachia nimlee ni mzima. Naanza na neno hilo makusudi, ulishike vizuri, maana yanayofuata yatakushtua. Aliumia mguu. Amepona, anatembea, anakimbia, na wiki hii amenivunjia bakuli akirukaruka jikoni. Sikutaka kukueleza kwa simu kwa sababu nakujua: ungesikia neno moja ukakata tiketi, ukamwaga unga kazini. Basi kaa chini, usome mpaka mwisho.

Uwanja tuliokulia, ule wa nyuma ya shule, serikali iliuchukua ili iujenge upya. Iwe bustani ya mapumziko na uwanja wa vijana wa kanda yote ya kaskazini. Walisimamisha ubao wenye picha: nyasi za kijani, jukwaa, mabomba ya maji, hadi vyoo vya wasichana. Nani angekataa? Huku sisi tumezoea kukumbukwa mwisho. Shemeji yako, ambaye mji mzima sasa unamwita Kocha, siku ya uzinduzi alivaa shati lake la harusi na vifungo vikagoma kufunga.

Wakazungusha uzio wa seng'enge. Magoli yakang'olewa. Mtambo wa kijiko ukachimba mtaro mkubwa upande wa chini. Halafu mkandarasi akaondoka na kijiko chake, tukaambiwa mradi umesimama kidogo. Hiyo kidogo ikazaa misimu. Geti likabaki na kufuli, ndani magugu yakapanda hadi kiunoni, na hata mbuzi wakawa wanachungulia tu.

Kocha akahamishia mazoezi kando ya gereji. Malori yakawa yanawapitia watoto puani, wazazi wakawatoa mmoja mmoja. Wavulana wakahamia vibanda vya kubeti. Wasichana wakarudishwa kwenye masufuria, kwani wao ndio huwa wa kwanza kuambiwa basi, inatosha. Mume wangu akawa anakaa kizingitini anajaza upepo mipira isiyochezewa na mtu. Nilikuwa namsikia kutoka kwenye cherehani, fyuu, fyuu, moyo unaniuma, najifanya natafuta sindano.

Sasa binti yako. Siku hizi watu wanamwita Gundi, kwa jinsi mpira unavyomnasa mikononi akiwa golini. Yeye na wenzake wawili waliamua kuruka uzio. Wenzake walivuka. Yeye alipofika juu, waya ukamshika paja la kushoto, ukalichana vibaya. Alibebwa hadi zahanati na fundi gereji, damu hadi kwenye soksi. Alishonwa bila kulia. Alilia muuguzi alipomwambia asikunje goti mpaka jeraha lifunge.

Kocha hakusubiri hata kunywa maji. Alikwenda wilayani moja kwa moja, na mimi nyuma yake nikikimbia na ndara, nikiogopa asije akafungwa. Ofisi ya afisa michezo ni chumba cha stoo, mdogo wangu: viroba vya jezi, kiti kimoja, dirisha lisilofunga. Afisa mwenyewe ni binti mdogo aliyeletwa huku kutoka mbali, hana ndugu wala jirani. Shemeji yako akamwangushia yote.

"Mmewafungia watoto uwanja, mnamtunzia nani? Panya?"

 Kocha alipokatika pumzi, binti yule akamwambia, "Mzee, kama bado, malizia. Mimi nakusikiliza." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, mtoto yuko zahanati gani?"

Alikuja kabla jua halijazama, amebeba machungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulifuata nini kule ndani?"

"Goli," Gundi akasema.

"Magoli si yaling'olewa?"

"Napajua lilipokuwa."

Yule afisa akainama, akaanza kumenya chungwa. Alilimenya taratibu sana. 

Tulipotoka nje ndipo akatufungukia. Kila mara huwaandikia wakubwa zake, na kila mara huambiwa asubiri. "Nikifungua, mtoto akatumbukia mtaroni, ni mimi. Nisipofungua, mtoto akachanika kwenye waya, ni mimi vilevile. Sijui nisimame wapi." Macho yalimjaa maji. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Kocha akateremsha sauti. Akamwambia mtaro uko upande wa chini peke yake, nusu ya juu haijaguswa. Kesho yake wakaenda kuangalia pamoja. Afisa akatembea, akakanyaga, akapima kwa macho, akasema jambo ambalo mume wangu hulirudia kila siku akicheka:

"Kufungua uwanja si kazi yangu. Kuusogeza uzio ili usidhuru watu ni kazi yangu. Basi tusogeze uzio."

Ungekuwepo! Fundi gereji alichomelea magoli kwa mabomba ya maji yaliyokwisha kazi. Akina mama walifyeka. Wale vijana wa kubeti walikuja kwanza kuangalia, halafu wakajikuta wameshika majembe. Tuliuzungushia ule mtaro uzio maradufu, hata paka asipite. Mimi nilishona nyavu kwa magunia ya vitunguu, na ndiyo maana mpaka leo magoli yetu yananukia mchuzi. Kocha akapuliza filimbi akapaliwa, tukalazimika kumpiga mgongoni.

Lakini habari ikafika juu. Siku moja tunachezesha watoto wadogo, gari jeupe likasimama, akashuka mkuu wa idara kutoka makao ya kanda. Mpira ukasimama wenyewe. Akauliza nani kafungua. Kocha akaanza kufungua mdomo, binti akamtangulia.

"Mimi, bosi."

"Kwa kibali cha nani?"

"Sina kibali. Niliomba, nikaambiwa nisubiri. Nilishindwa kusubiri."

Nilimwonea huruma. Na yule mkuu, nikwambie kweli, si mtu mbaya. Alikwenda kuutikisa uzio wa mtaro kwa mkono wake. Akatazama watoto, vumbi, zile nyavu zangu za vitunguu. Nadhani alikuja na ukali aliotumwa nao, akakosa pa kuuweka. Akasema tu, "Huo uzio ukilegea hata kidogo, nafunga." Akapanda gari.

Baadaye yakaja maamuzi. Nusu ya juu itumike hadi ujenzi uendelee, wazazi wasimamie pamoja na wilaya. Tulipiga vigelegele. Ila afisa wetu akahamishwa, akapelekwa kaskazini zaidi, huko ambako hata sisi tunakuita mbali. Hawakusema ni adhabu. Wala hawakuhitaji kusema.

Siku ya safari yake Kocha alimbebea sanduku hadi stendi. Alikuwa amejiandaa kumwomba radhi kwa kelele za ile siku. Nilimsikia akifanya mazoezi bafuni.  Walipofika, badala ya radhi akagombana na kondakta mpaka binti akapewa kiti cha dirishani. Yule binti alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Ananipigia mara kwa mara. Anasema huko alikopelekwa kuna uwanja mmoja, na umejaa mawe ya kujengea barabara. Ameshaanza kuulizia ni ya nani.

Nimalizie na mwanao. Mguu ulipona kabla ya moyo. Akirudi golini, mpira wa kulia anaudaka kama zamani. Wa kushoto anautolea mguu tu, hataki kuangukia upande wenye kovu. Tuliona sote, na Kocha akatukataza kusema. Jana tulicheza na wasichana wa mji wa jirani. Tumefungana, muda unaisha, wakapata penalti. Nilifumba jicho moja. Mpigaji akaupeleka kushoto, na Gundi akaruka kushoto, mzimamzima, akaanguka na ubavu wake wote juu ya lile kovu. Mpira ukamgusa kidole, ukaingia.

Tumefungwa, mdogo wangu. Lakini alinyanyuka na mchanga mdomoni, anacheka, akapiga paja lake kofi, akaurusha mpira katikati na kuwafokea mabeki waende mbele. Shemeji yako alirukaruka kuliko baba za wale walioshinda.

Ukipata likizo, usianzie nyumbani. Acha begi stendi, nenda kasimame nyuma ya goli lake, usimwite. Acha ageuke mwenyewe.

Nisalimie wifi na yule mchanga ambaye bado sijambeba. Kocha anakusalimu, fundi gereji pia, na shangazi wa sokoni anasema umenenepa kwenye picha. Mungu akulinde uendako na urudipo, mikono yako inayotibu wengine isikose nguvu.

Wako akupendaye daima,
Dada yako mkubwa