Kitufe cha Tano

Baba Salma,

Assalaam alaikum. Nakuandikia mchana mweupe, dirisha liko wazi. Ulikuwa ukiniita Mwalimu hata mbele ya wageni, na ukiwaambia kwamba Mwalimu haogopi kitu isipokuwa Mungu. Basi leo nakwambia jambo ambalo sijamwambia mwanao: naogopa. Naogopa kufa nikiwa na simu mkononi.

Tangu tulipokuzika Mzenga, mengi yamebadilika. Hapa Misugusugu vibanda vya biashara vimesogea mpaka karibu na mlango wetu. Simu yangu ndogo ya vitufe ilikataa kuchaji mara tu baada ya arobaini yako. Niliifunga ndani ya kofia yako nikaiweka kabatini. Salma akaniletea simu mpya ambayo mbele yake ni kioo kitupu, haina hata sehemu moja ya kushika na kujua kwamba umeshika kitu.

"Mama, usibonyeze hivyo, utaipasua. Gusa tu, taratibu, kama unamfuta mtoto machozi."

Nikagusa. Haikuitika. Salma akagusa palepale, ikafunguka. Nikagusa tena, ikanyamaza.

Unavijua vidole vyangu. Tangu nilipostaafu nimebangua korosho pamoja nawe, na mafuta ya maganda yamevichubua na kuvikausha mpaka ncha zimekuwa ngumu. Siku ya kusajili laini, mashine ilipokataa alama zangu, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwalimu, serikali inasema huna vidole!" Nami nilicheka. Sasa sicheki.

Unakumbuka bipu zetu? Ulipokwenda Vihingo kununua korosho ghafi, bipu moja ilikuwa na maana kwamba umefika salama. Mbili, kuna jambo, nikupigie. Kisha pumu yangu ilipozidi, ukaniwekea namba yako kwenye kitufe cha tano, kwa sababu kina kipele kidogo katikati ambacho kidole hukiona bila macho. "Pumu haitakupa nafasi ya kutafuta miwani," ulisema. Ukanifunga macho kwa kanga yangu mwenyewe, ukanifanyisha mazoezi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikandamiza, simu yako inalia chumba cha pili, nawe unapaza sauti: "Tena, Mwalimu! Tena!"

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mwezi uliopita nilikwenda Mzenga kufyeka majani ya kaburi lako na kutazama mikorosho. Nikaona korosho chache zimebaki kwenye gunia, nikaamua kuzichoma. Kuchoma ilikuwa kazi yako siku zote, kwa sababu ya kifua changu. Lakini hukuwapo, nami nilijiambia ni chache tu. Upepo ukageuka. Moshi wote ukanijia usoni, kifua kikafunga. Nikavuta pampu ya pumu. Ilikuwa imekwisha, ikatoa hewa tupu.

Nikaichukua ile simu. Nikagusa jina la Salma. Kimya. Nikakifuta kioo kwa kanga, nikagusa tena. Jasho na mafuta ya korosho vilikuwa vimenijaa mkononi. Vitu vikawa vinafunguka nisivyovitaka na kujifunga. Mara ikafunguka kamera. Baba Salma, niliuona uso wangu mwenyewe ndani ya kile kioo, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nilidhani natazama maiti. Na maiti ile ilikuwa inanitazama.

Sauti sikuwa nayo. Nilitambaa mpaka kwenye kinu, nikainua mchi, nikauacha uanguke. Mara mbili. Nikapumzika. Mara mbili tena. Sikuwa nimepanga; ni mkono tu uliokumbuka bipu.

Jirani yetu wa kule Mzenga, Bi Mwajuma, alitokea nyuma ya nyumba ameshika fimbo, anafoka kabla hajafika. "Watoto gani hawa wanaotwanga kinu kitupu? Mtakipasua!" Maana kinu kitupu kina mlio wake, na mwanamke yeyote wa pale huujua akiwa mbali. Aliponiona, fimbo ikamwanguka. "Yallah! Mwalimu!" Akakimbia kuita pikipiki. Njiani kuelekea zahanati alinishika kwa nyuma, akawa ananisemesha sikioni: "Usinifie mimi, Mwalimu. Nilikuja kuchapa mtoto, nisije nikaondoka na msiba."

Salma alilia sana. "Nitakununulia nyingine, Mama, yenye kioo kikubwa zaidi." Nilimjibu kwamba ukubwa wa kioo si dawa.

Nikaitoa simu ndogo kabatini, nikaipeleka kwa fundi hapa barabarani. Akaibadilisha betri, akasafisha mahali pa kuchajia, ikawaka. "Bibi, hiki kitochi bado kinadunda! Hapa kwenye tano nikuwekee nani?"

Nilimnyang'anya. "Usiiguse tano yangu."

Jioni ile kifua kilinibana kidogo, kidogo tu. Kabla sijafikiri, kidole kilikwisha kukipata kile kipele na kukikandamiza. Nikasikia: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli, kuliko hata siku ya moshi. Pumzi ikikatika, kidole changu kitakuita wewe. Kitakuita tena na tena, kwa utii ule ule uliokifundisha. Nawe huwezi kuja.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimwita Salma. Nikampa simu, nikageukia ukutani wakati anaiondoa namba yako pale na kuweka yake. Kisha, bila kuambiwa, akachukua kanga yangu akanifunga macho. Nikatafuta kipele, nikakandamiza. Simu yake ikalia mapajani mwake. Akaukata mlio.

"Tena, Mama."

Nikakandamiza tena.

Bado naogopa. Usiku huamka nikapapasa chini ya mto kuhakikisha ipo. Lakini sasa nikikandamiza, kuna mtu upande wa pili.

Nakuahidi sitachoma korosho peke yangu tena, na pampu haitakwisha bila mimi kujua. Namba yako sikuifuta. Imo humo humo pamoja na nyingine. Sitaipiga.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Baba Salma. Siku yangu ikifika, sitakubipu. Nitabisha hodi kwa mkono wangu huu huu mgumu, nawe utaujua.

Ni mimi,
Mwalimu wako